Uzi maalumu: Kubadilisha betri za ndani za trela la kusafiria bila kuunguza kitu

FundiNyaya (Texas)

Wakuu, habari za humu. Matrela ya kusafiria, yale ya kukokotwa na pikapu yenye vitanda, jiko na choo ndani, yamekuwa mengi kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, na wengi wananunua mtumba. Betri ndiyo hufa mapema. Kuibadilisha ni kazi ya saa mbili kwa mtu mwenye spana na mita, ila kuna mitego ambayo aliyezoea betri ya gari haitegemei. Mmoja unaunguza vitu kwa sekunde moja, ndio naanza nao.

Rangi za nyaya. Kwenye gari tumezoea nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kwenye trela lililotengenezwa Amerika Kaskazini, mara nyingi waya mnene wa chanya unaokuja kwenye betri ni MWEUSI, na wa hasi ni MWEUPE. Watengenezaji wamefuata desturi ya nyaya za nyumba za huko, ambako mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro. Ukifuata mazoea ya gari ukaupeleka mweusi kwenye hasi, umegeuza umeme wa trela zima. Ukibahatika zinakatika fyuzi mbili tu kwenye paneli ya fyuzi. Usipobahatika inakwenda konvata (kifaa kinachogeuza umeme wa nje kuwa wa volti 12 na kuchaji betri), redio, kadi ya elektroniki ya friji na kigunduzi cha gesi.

Kwa hiyo kabla ya kulegeza nati yoyote, chukua mita, iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kijiti chekundu gusa kichwa cha betri chenye alama ya +, cheusi gusa chenye −. Ukisoma namba isiyo na alama ya kutoa mbele yake, umethibitisha. Sasa funga utepe mwekundu kwenye KILA waya uliopo kichwa cha chanya, wanene kwa wembamba, halafu piga picha tatu nne. Pale huwa hakuna waya mmoja. Kuna wa paneli ya fyuzi, wa swichi ya dharura ya breki, wa jeki ya umeme ya shingo (zile chuma za mbele zinazounga trela na gari), na mara nyingine wa sola. Waya mwembamba ukisahaulika, utakuja kuutafuta usiku ukiwa kambini.

Baada ya hapo zima vyanzo vyote, kwa mpangilio huu:

Chomoa waya mkubwa wa umeme wa nje, wa ampea 30 au 50. Usitegemee breka, chomoa kabisa. Ukiuacha, konvata inaendelea kutoa volti 13.6 kwenye nyaya ulizozishika ukidhani zimekufa.
Chomoa plagi ya pini saba kwenye pikapu.
Zima inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) kwenye swichi yake.
Kama kuna sola, tenganisha paneli na kidhibiti kwanza, betri baadaye.
Funga vali za mitungi ya propeni, ile gesi ya kupikia. Kwenye matrela mengi mitungi na betri vimekaa pamoja pale kwenye shingo, na cheche ya spana haichagui pa kurukia.
Weka kabari kwenye magurudumu.

Vua pete, saa ya chuma na mkufu. Vaa miwani na glavu za mpira. Spana utakayohitaji mara nyingi ni ya nusu inchi au milimita 13, na mkono wake uzungushie utepe wa umeme mpaka ibaki ncha tu.

Kufungua: HASI KWANZA. Chesisi yote ya trela ni hasi. Ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa chuma cha shingo inakuwa imeunganisha betri moja kwa moja, na betri moja ya kawaida inaweza kusukuma mamia ya ampea kupitia spana hiyo. Hasi ikishatoka, spana ikigusa chuma haikamilishi njia. Kufunga ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho kabisa.

Betri ya Group 27 (ni jina la ukubwa wa betri) ina uzito wa kilo 25 hivi, basi inua kwa mpini wake au mkanda, iwe wima. Sanduku la chini ukikuta unga mweupe au wa kijani, hiyo ni asidi iliyokauka. Koroga kijiko kikubwa cha magadi ya unga kwenye kikombe cha maji, mwagia, subiri povu liishe, suuza kwa maji mengi. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka robo saa nzima au zaidi, kisha hospitali.

Vichwa vya nyaya visugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Wakati wa kufunga, lagi ya waya mnene (kile kichwa chake chenye tundu) ilale moja kwa moja juu ya kichwa cha betri, ambacho ni cha madini ya risasi, wembamba wafuate juu yake, ndipo uweke washa bapa (kipete cha chuma), washa ya springi, na nati. Wengi huweka washa CHINI ya lagi. Umeme mwingi unapita kwenye washa ile ya chuma, inapata joto, risasi inalegea, na baada ya safari mbili kichwa kimeyeyuka. Kaza kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya betri. Kwa bolti ya inchi 5/16 mara nyingi ni kama Nm 10 hadi 12. Risasi ni laini, ukikaza kama nati ya tairi unaing'oa.

Swichi ya kukata betri usiiamini. Kuna vitu vimeungwa kabla yake, na vimeungwa hivyo kwa makusudi. Nitarudi hapo.

---

MamaTrela_Ohio

Asante sana kaka, umeeleza vizuri. Maswali mawili. Moja, hiyo swichi ya dharura ya breki inahusiana vipi na betri za taa? Pili, betri zetu ni mbili za volti 12 na moja tu ndiyo imekufa. Je, nibadilishe hiyo moja?

---

FundiNyaya (Texas)

Dada, la kwanza ndilo kubwa. Trela lenye breki za umeme lina kiswichi kidogo pale shingoni chenye pini na kamba ya waya, na kamba inafungwa kwenye gari. Trela likichomoka likiwa barabarani, kamba inavuta pini, na umeme wa betri ya TRELA unaenda moja kwa moja kwenye breki za magurudumu. Ile betri unayodhani ni ya taa na pampu ndiyo itakayolisimamisha trela likikimbia peke yake. Ndiyo maana waya wake umeungwa kabla ya swichi ya kukata betri, na ndiyo maana huruhusiwi kuukata wala kuupitisha kwenye swichi hiyo. Usikokote trela lisilo na betri, hata kama ni kulipeleka kwa fundi tu.

Ukimaliza kufunga betri mpya, jaribu hivi: plagi ya pini saba iwe IMECHOMOLEWA kwenye gari, vuta pini, sikiliza kwenye magurudumu utasikia sumaku zinavuma, jaribu kulivuta trela kidogo uone magurudumu yamekaza. Rudisha pini mara moja, kwani sumaku hupata joto na betri inaliwa. Ukijaribu plagi ikiwa imechomekwa, umeme unaweza kurudi kwenye kidhibiti cha breki cha gari ukakiua. Kamba yenyewe ifungwe kwenye mwili wa gari, isifungwe kwenye minyororo ya usalama.

La pili: badilisha zote mbili pamoja, aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), betri kuukuu inainyonya mpya usiku kucha, na chaja inasoma volti za zote mbili kama kitu kimoja, hivyo moja inachemka huku nyingine haijajaa.

---

Mzee wa Sola (Arusha)

Salaam kwenu. Huku tunafunga betri ya pili kwenye Land Cruiser za watalii kwa ajili ya friji na chaja, na kanuni ni zile zile. Naongezea mawili.

Sola. Vidhibiti vingi hutegemea betri kujua viko kwenye mfumo wa volti 12 au 24. Betri ikitoka wakati paneli bado inasukuma, kidhibiti kinabaki na volti za paneli bila mahali pa kuzipeleka, na paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 20 na zaidi ikiwa haina mzigo. Vingine huvumilia, vingine hufa. Paneli itoke kwanza, irudi mwisho. Kama hakuna swichi, funika paneli kwa blanketi zito.

Kuunga sambamba. Chanya ya trela itoke betri ya kwanza, hasi ya trela itoke betri ya pili, yaani kwa mshazari. Ukitoa zote mbili kwenye betri moja, hiyo ya karibu inafanya kazi zaidi na kuchajiwa zaidi, ya mbali inazeeka bila kutumika sawasawa. Nyaya za kuunganisha ziwe na unene mmoja na urefu mmoja.

Wenye betri za volti 6 mbili, zile za vigari vya gofu, wanaunga kwa mfuatano: chanya ya A kwenda hasi ya B, na trela linachukua hasi ya A na chanya ya B. Waya wa katikati uwe MMOJA tu. Aliyezoea sambamba huongeza wa pili, na wa pili ndio unaounguza. Halafu zina kimo cha sentimita 28 hivi, wakati Group 24 na 27 ni karibu 22 na nusu. Sanduku lako la zamani halitafunga.

---

Kijana_Calgary

Shikamoo mzee. Wakuu, na lithiamu je? Tangazo linasema toa ya zamani, weka hii, basi. Ninyi mnasemaje?

---

AmpeaSaa (Minnesota)

Mkuu, toa-weka ipo, lakini kwa sehemu. Tuseme lithiamu yenyewe ni LiFePO4 (lithiamu, chuma na fosfeti), maana hiyo ndiyo inayouzwa kwa matrela.

Anza na mahitaji kabla ya bei. Usiku wa baridi kidogo: feni ya hita inakula kama ampea 7, ikizunguka jumla ya saa tatu ni Ah 21 (ampea-saa, yaani ampea mara saa). Taa za LED sita kwa saa nne, Ah 5. Pampu robo saa, Ah 2. Kigunduzi cha gesi, kadi ya friji ya gesi na vitu vidogo visivyozimwa, vikila ampea 0.7 pamoja, kwa siku ni Ah 17. Jumla ni Ah 45. Betri mbili za risasi, yaani zile za kawaida za asidi, za Group 24 zina kama Ah 150, na zikitakiwa ziishi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo unayo 75. Hiyo ni siku moja na nusu. LiFePO4 moja ya Ah 100 inakupa 80 hadi 90 bila kuumia, kwa kilo 12 hivi badala ya 45. Kama unalala kwenye kambi zenye umeme kila siku, risasi inakutosha na hela yako ibaki mfukoni. Naisema wazi kwa sababu wauzaji hawataisema.

Ukiamua lithiamu, haya ndiyo yanayobadilika.

Chaja. Konvata nyingi za zamani zinatoa volti 13.6 muda wote. Lithiamu inataka 14.2 hadi 14.6 ili ijae na seli zake zisawazishwe. Kwa 13.6 itachaji, ila polepole sana kuelekea mwisho, na kusawazisha hakufanyiki. Kuna nyingine zina hatua ya kuchemsha betri za risasi kwa volti zaidi ya 15. Hiyo lazima izimwe. Soma lebo ya konvata yako. Nyingi hubadilishwa moyo tu, paneli ikabaki.

Breka ya shingoni. Hapa ndipo watu hukwama bila kuelewa. Betri ya risasi ikianza kujaa inapunguza yenyewe ampea inazopokea. Lithiamu haipunguzi mpaka karibu na mwisho. Konvata ya ampea 55 itasukuma 55 kwa saa nzima, na ile breka ndogo ya chuma inayojirudisha yenyewe, iliyofungwa pale shingoni, mara nyingi ni ya 30 au 40. Inakata, inarudi, inakata, inarudi, na kila mara inaunguza midomo yake. Dalili: betri haijai, na kiboksi hicho ukikigusa ni cha moto. Dawa si kuweka breka kubwa peke yake. Angalia waya kwanza. Waya wa namba 6, milimita za mraba 13 hivi, unabeba 55. Namba 10, wa milimita za mraba 5 tu, haubebi.

Fyuzi. Fyuzi kuu ikae karibu na kichwa cha chanya kadiri iwezekanavyo, isizidi sentimita 45 za waya. Lithiamu ikipigwa shoti inamwaga maelfu ya ampea, na fyuzi ya kawaida inaweza kukatika huku cheche inaendelea kuruka ndani yake. Kwa inveta kubwa tumia fyuzi ya Class T, iliyopimwa kukata ampea 20,000. Inveta ya wati 2000 inavuta karibu ampea 190 kwenye volti 12. Waya uwe 2/0, yaani milimita za mraba 67, na mfupi. Betri moja ya Ah 100 yenye BMS (saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri) ya ampea 100 haiiwezi inveta hiyo. Zinahitajika mbili.

Kuunga mbili sambamba: chaji kila moja peke yake mpaka ijae, pima, tofauti isizidi volti 0.1, ndipo uziunge. Moja ikiwa na 13.4 na nyingine 12.9, ile iliyojaa itaimwagia mwenzake mkondo mkubwa ghafla.

Baridi. Wewe uko Calgary, kwako hili ni la lazima. LiFePO4 haichajiwi chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu inajibandika kama chuma juu ya elektrodi na haitoki tena. BMS nzuri inazuia kuchaji, hivyo utaamka na sola inawaka lakini betri haipokei. Nunua yenye kipasha joto ndani, au ihamishie ndani ya trela. LiFePO4 haitoi gesi ikiwa kazini kawaida, inaweza kukaa chini ya kitanda, ifungwe kwa mkanda isihame, isiwe ubavuni mwa hita. Betri ya risasi ya maji HAIFAI kukaa humo, inatoa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka.

Na lile la breki: BMS ikikata kwa kuishiwa, umeme wa swichi ya dharura nao umekatika, bila onyo lolote. Kabla ya kuondoka angalia chaji. Breki nne hula ampea 12 hivi zikikaza, kwa robo saa ni Ah 3. Ni kidogo, ila ziwepo.

---

Kijana_Calgary

Nimekuelewa mkuu. Na kuchaji kutoka kwenye pikapu nikiwa njiani?

---

AmpeaSaa (Minnesota)

Waya wa plagi ya pini saba ni mwembamba na mrefu, utapata ampea chache tu, na altaneta za kisasa hushusha volti ili kuokoa mafuta. Ukitaka chaji ya maana weka chaja ya DC kwenda DC ya ampea 20 au 30 karibu na betri za trela, yenye waya wake mnene kutoka kwenye betri ya gari, na fyuzi kwenye ncha ZOTE MBILI za waya huo. Usivute waya mnene moja kwa moja bila chaja hiyo. Lithiamu itaivuta altaneta mpaka iungue, hasa gari likiwa limesimama injini inazunguka taratibu.

---

Dereva_Mizigo

Wakuu, mnasahau uzito. Shingo ya trela inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Chukua trela la kilo 2500 lenye kilo 300 shingoni, hiyo ni asilimia 12. Ondoa betri mbili za gofu, kilo 56 zote, weka lithiamu mbili, kilo 24 zote: umetoa kilo 32, umebaki na 268 kwenye trela la kilo 2468, ambayo ni karibu asilimia 10.9. Bado uko salama. Lakini ukizihamishia lithiamu nyuma ya ekseli, shingo inapungua zaidi ya hapo, na chini ya asilimia 10 trela linaanza kuyumba kwa mkia kwenye mwendo wa barabara kuu. Ukihamisha betri, pima shingo upya kwenye mizani. Usikadirie kwa macho.

---

MamaTrela_Ohio

Swali lingine, samahanini. Kigunduzi cha gesi kinalia kila tukichomeka umeme wa nje, na kuna harufu ya mayai yaliyooza karibu na mlango wa mbele. Tumefunga mitungi, bado inanuka.

---

FundiNyaya (Texas)

Dada, CHOMOA umeme wa nje sasa hivi, fungua madirisha, mtoke nje. Kama mitungi imefungwa na harufu inakuja mkichomeka tu, mshuku betri kabla ya gesi. Betri ya risasi ambayo seli yake moja imepiga shoti ndani inabaki na seli tano, haifiki volti ambazo konvata inazitafuta, kwa hiyo inasukumiwa umeme bila kikomo, inachemka na kutoa hidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya mayai, ni sumu, na kigunduzi cha propeni nacho huinusa kikalia. Inatoka pamoja na hidrojeni, kwa hiyo kiberiti, sigara na spana vikae mbali.

Usiiguse ikiwa ya moto. Iache masaa kadhaa mpaka ipoe kabisa, ndipo umwite fundi au ufungue mwenyewe, hasi kwanza kama nilivyoandika juu. Ikiwa imevimba ubavuni, usiinamie juu yake wakati wa kuinua. Usiijaze maji, usijaribu kuichaji tena. Ikiwa harufu ipo hata umeme ukiwa umechomolewa siku nzima, basi huenda ni propeni kweli. Hapo mwite fundi wa gesi, na msilale humo.

Ukishabadilisha betri, geuza kigunduzi uone tarehe mgongoni. Vingi vina maisha ya miaka mitano hadi saba, na vya mtumba mara nyingi vimepita.

---

MamaTrela_Ohio

Tumechomoa na tumetoka. Betri ya kushoto sanduku lake ni la moto, ya kulia baridi. Asante sana kaka, Mungu akubariki.

---

Mzee wa Sola (Arusha)

Mwanangu, hata hiyo ya kulia usiirudishe kazini. Imeungwa na mgonjwa muda mrefu.

---

ChumaChakavu_Mombasa

Niongezee la betri kuukuu. Huko Marekani duka hukutoza amana ya betri ukinunua mpya bila kuleta ya zamani, na hurudisha ukiileta. Ipelekeni. Kwenye gari isafiri wima, vichwa vimefungwa utepe, isigusane na chuma.

Na naomba hili lisikike: msiziingize betri za risasi zilizokufa kwenye kontena la kuja Mombasa au Dar pamoja na vitu vingine. Kwa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari, hizo ni taka hatari, haziruhusiwi kuvuka mpaka kiholela. Tunajua hapa zinakoishia zikikosa msimamizi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia watoto madini ya risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 baada ya kesi iliyosimamiwa na mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido. Betri inayorudi dukani kwenu kwa amana ya dola chache haimfikii mtoto wa mtu.

---

Mtumba_Trela (Carolina Kaskazini)

Wakuu, nimesoma uzi wote. Trela la mtumba, betri mbili mpya za risasi, muuzaji alizifunga mwenyewe. Nikichomeka umeme wa nje kila kitu kinawaka. Nikichomoa, giza. Betri zikipimwa zina 12.7.

---

FundiNyaya (Texas)

Mkuu, 12.7 ni betri iliyojaa, kwa hiyo umeme upo ila haufiki ndani, na umeme wa konvata nao haufiki kwenye betri. Fuata njia kwa mita, kijiti cheusi kikae kwenye hasi ya betri muda wote.

Kwanza, kiboksi kidogo cha breka pale shingoni: pima bolti zote mbili. Moja ikisoma 12.7 na nyingine sifuri, breka imekufa au imeliwa na kutu. Zote mbili zikisoma 12.7, endelea.

Pili, swichi ya kukata betri. Pima pande zote mbili vilevile.

Tatu, fungua paneli ya fyuzi ndani. Tafuta fyuzi mbili zilizokaa peke yao, za ampea 30 au 40, pembeni pameandikwa REVERSE POLARITY. Zichomoe uzitazame. Zikiwa zimekatika, muuzaji alifunga betri kinyume kwa muda, akageuza, akaacha hivyo. Kabla ya kuweka fyuzi mpya hakikisha kwa mita kwamba sasa waya mweusi ndio uliopo kwenye chanya. Toa hasi ya betri, weka fyuzi za ampea ile ile, rudisha hasi.

---

Mtumba_Trela (Carolina Kaskazini)

Breka inasoma 12.7 pande zote mbili. Swichi pia. Fyuzi zote mbili za 40 zimekatika. Mweusi upo kwenye chanya, nimeuhakikisha kwa mita.

---

FundiNyaya (Texas)

Weka mpya za 40, kisha pima kwenye vichwa vya betri mara mbili: umeme wa nje ukiwa umechomolewa usome 12.6 hadi 12.7, na ukiwa umechomekwa usome kati ya 13.2 na 14.4. Ikibaki 12.7 hata umechomeka, konvata iliumia siku ile ile fyuzi zilipokatika.

---

Mtumba_Trela (Carolina Kaskazini)

Taa zinawaka bila umeme wa nje. Nikichomeka, 13.6.

---

FundiNyaya (Texas)

Konvata ni nzima. Jaribu swichi ya dharura ya breki kabla hujalikokota, kisha acha imechomekwa mpaka kesho. Kama betri zina vifuniko vya kufungua, angalia maji baada ya kujaa. Yakae milimita 3 hivi chini ya shingo ya tundu, na uongeze maji yaliyokenekwa tu, si ya bomba. Nunua na fyuzi za akiba mbili za 40, zitie kwenye droo ya jikoni.